Niliyemfungulia Mbeleko

Sikuota, na malaria sikuwa nayo. Kila ninayemsimulia huuliza hayo mawili kwanza, basi nayajibu mapema. Tena haikuwa usiku. Ilikuwa mchana wa jua kali pale Kibirizi, mwalo wa wavuvi Kigoma, dagaa wametandazwa mchangani na watu wamejaa.

Miaka ile wakimbizi walikuwa wakivuka ziwa kutoka Burundi. Mimi nilikuwa msichana, nimeacha shule darasa la tano baada ya wazazi wetu kufariki, na wadogo zangu watatu wananitazama mimi. Wa mwisho, Yusta, nilimlea mgongoni kwa mbeleko ya marehemu mama. Chakula chetu kilitoka kwa Mama Shukuru, mwenye dagaa. Niliwaanika, nikawageuza, nikafukuza kuku na kunguru, na jioni alinipimia bakuli. Siku ya kwanza aliniambia, "Dagaa wangu wakipungua, na wewe umepungua."

Ndipo akaanza kuja yule mwanamke. Mrefu, mpole, mbeleko imefungwa hadi juu, mtoto haonekani hata nywele. Alisimama pembeni mwa dagaa akasema kwa Kirundi, "Umwana arashonje." Mtoto ana njaa. Kiha chetu na Kirundi ni ndugu, nilimwelewa. Nikampa konzi ya dagaa. Kesho yake akarudi, nikampa tena.

Mama Shukuru aliona. "Wee yatima, huna mama wa kukufunza mambo ya mjini? Pale mtaa wa Mwanga wamejaa matapeli kama hao. Wanafunga gunzi kwenye kanga wanaliita mtoto. Hata hicho Kirundi wamejifunza kwa ajili ya kazi. Akipata konzi nyingine, kesho usije."

Niamini, neno la gunzi lilinichoma kuliko la kufukuzwa. Maana mimi mtoto wa mgongoni nilimjua. Yusta alinipiga teke, alinilowesha, alinivuta nywele. Mzigo wa yule mama haukuwahi kutikisika. Nikajiona nimehatarisha bakuli la wadogo zangu kwa ajili ya tapeli, na soko zima linanitazama.

Aliporudi ningeweza kumwambia sina. Si ingetosha? Nilimwendea, nikashika fundo lililokuwa kifuani pake, nikalifungua.

Likaanguka jiwe. Jiwe la ziwani, laini, ukubwa wa mtoto mchanga.

Wapagazi wakaangua kicheko. Mama Shukuru alicheka mpaka akakaa chini. "Kajifungua jamani, mwiteni mkunga." Nami nilicheka. Nilicheka kwa sauti kuliko wote, ili nionekane si mjinga.

Mwanamke hakugomba. Alisema polepole, kwa Kiswahili, "Alikuwa amelala. Sasa mbembeleze wewe, binti." Akaondoka mgongo wazi, mbeleko akaiacha mchangani.

Niliinama kuliondoa jiwe watu wasijikwae. Lilikuwa na joto. Utasema ni jua, na mimi nilisema hivyo hivyo. Lakini mbeleko ilikuwa imelowa, na ilinuka maziwa.

Jioni nikafika nyumbani na bakuli langu. Yusta hakunikimbilia kunipokea kama kawaida yake. Alisimama mlangoni, akitazama nyuma ya bega langu.

"Dada, umembeba nani?"

"Sijabeba mtu."

"Huyo. Anataka kulala."

Jiwe nililirudisha ziwani. Mbeleko niliifua, nikaikunja, nikamtafuta mwenyewe nimrudishie na kumwomba radhi. Niliuliza kila mwalo hadi Ilagala, na huko mama mmoja wa Kirundi aliitambua ile nguo kwa kiraka chake. Akaniambia mwenye nguo alivuka na mtumbwi, mtoto akamfia katikati ya maji, wenzake wakamlazimisha amwache humo. Alipofika nchi kavu aliokota jiwe akalibeba mpaka naye akafa. "Tulimzika hapa naye amelibeba," alisema. Nikamuuliza lini. Ilikuwa kabla sijaanza kazi Kibirizi.

Tangu hapo mgongo wangu haujawa mtupu. Mkono wangu unakwenda nyuma wenyewe, unapigapiga, hata kanisani. Watoto wadogo wa watu wananipita wakicheka na mtu ambaye mimi simwoni. Nilipozaa, wanangu wote niliwabeba mbele. Mama mkwe alinisimanga sana. "Umeshamzaa, bado unambeba tumboni?" Ningemjibu nini? Kwamba nyuma pana mwenyewe?

Matapeli wapo, sikatai. Wamenipata Ujiji, wamenipata stesheni ya Kigoma, na mbele ya safari watanipata tena. Ukimshuku mtu, mwambie huna, upite. Lakini fundo lake usiliguse. Hujui aliyelala humo ataamkia mgongo wa nani.