Siku Niliyomfuta Mama Mkwe Mbele ya Mkutano Mkuu

Jamani, aibu hii nimeikalia kimya muda mrefu, na leo naisimulia kwa sababu tu mwisho wake ulinipendeza, vinginevyo ningezikwa nayo.

Mimi ni fundi wa kompyuta wa chama chetu cha wakulima wa kahawa, ofisi ziko Sakina, na kazi yangu kubwa ni kutunza wingu letu wenyewe, yaani badala ya kumbukumbu za wakulima kukaa kwenye mitambo ya kampuni fulani huko ughaibuni, zinakaa kwetu, kwenye seva zilizofungiwa chumba chenye kiyoyozi, na ndani ya seva hizo nimetengeneza kompyuta pepe kadhaa (hazishikiki, ni kama wapangaji wa nyumba moja, kila mmoja na chumba chake na ufunguo wake). Sasa kompyuta pepe lazima uipe jina. Watu wenye akili zao huandika namba. Mimi, bibi harusi wa juzijuzi, nikazipa majina ya ukweni: Wifi, Shemeji, na ile kubwa kuliko zote, inayobeba hesabu ya kilo za kahawa za kila mkulima, nikaiita Mama-Mkwe. Nani angeona? Si ni mimi na mwenzangu Godlisten tu!

Ukafika mkutano mkuu. Kuna wajumbe walitaka tuachane na wingu letu, kumbukumbu zihamishiwe nje, eti ipo siku sisi vijana wa Sakina tutawapotezea kahawa yao, na mwenyekiti, Mzee Kaaya, akaniagiza nionyeshe ukutani, mbele ya watu wote, jinsi kompyuta ikiharibika inavyorudishwa. Nikaandaa kompyuta pepe moja ya majaribio, niifute, niirudishe, nipigiwe makofi. Nikasuka na nywele kabisa.

Naingia ukumbini, mstari wa mbele, kitenge kipya, kaketi nani? Mama mkwe wangu mwenyewe, yule wa kweli, kumbe wakulima wenzake wa Akheri wamemchagua mjumbe!

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo nimekuja kukuona ukifanya kazi."

Nikawasha projekta. Majina yote yakajaa ukutani, makubwa kama mabango, na pembeni maelezo ya Kiingereza. Mzee Kaaya akamwambia Godlisten awatafsirie wazee, na Godlisten (akianza kusoma huyu hasimami) akapaza sauti: "Wifi, anafanya kazi vizuri. Shemeji, amelala. Mama Mkwe, anatumia nguvu kupita kiasi, inashauriwa apunguziwe."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Mama hakucheka. Alivuta tu kitenge chake vizuri akaniangalia.

Hapo ndipo nilipoamua kitu kidogo tu, kubadilisha lile jina upesi, na kwa kuwa mtambo wetu haukubali kubadilisha jina la kompyuta inayofanya kazi, nikaizima, jasho linanitoka, nikabonyeza nilipodhani ni pa jina, swali likatokea, sikulisoma hata neno, nikabonyeza ndiyo.

"Inauliza," Godlisten akasoma, "una hakika unataka kumfuta Mama Mkwe? Upendo, usi..."

Nilikuwa nimeshamfuta.

Mhasibu akatokea mlangoni anahema: "Upendo, kilo za watu hazionekani! Zote!" Mjumbe mmoja akasimama, "Si tuliwaambia?" na wengine wakaanza kusimama. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini asubuhi ile, kabla ya mkutano, nilikuwa nimechukua nakala ya kila kitu na kuihifadhi kwenye seva yetu nyingine kule Lemara (Godlisten hunicheka, ananiita mwoga), na vituo vya kupimia kahawa vilikuwa vimefungwa kupisha mkutano, kwa hiyo hakuna kilo iliyoongezeka tangu hapo. Nikashika kipaza sauti.

"Wazee wangu, niliahidi kuwaonyesha ya majaribio. Sasa mtaona ya kweli. Naomba mkae."

Wakakaa! Nikaita ile nakala, mstari wa kijani ukawa unatambaa ukutani taratibu, hata chai hakuna aliyeigusa, mpaka kompyuta ikawaka tena. Nikamwomba mama namba yake ya uanachama, nikaiandika, mavuno yake yakatokea yote. Akayasoma kwa kidole hewani, akatikisa kichwa kukubali.

Kisha akasimama. "Hiyo Mama Mkwe ndiyo inayobeba kahawa yetu sote?"

"Ndiyo, mama."

"Na akiondoka mnahangaika namna hii?"

"Wote, mama."

Akawageukia wajumbe. "Mmesikia wenyewe."

Makofi yaliyopigwa pale sijapata kuyasikia hata siku ya harusi yangu. Kura zikapigwa, wingu letu likabaki Sakina, na mama akatoka amenishika mkono, akimwambia kila anayekutana naye, "Huyu ni wa kwangu."

Siku hizi kompyuta zangu zina namba, kama za watu wenye akili zao. Na nimeapa: nikishikwa na aibu, kwanza naondoa mikono yangu kwenye kompyuta, naikalia mikono hiyo, ndipo nafikiri.