Pindo Lililofungwa

Sisi watu wa Kastoria, mji wa Ugiriki unaoishi kwa kushona makoti ya manyoya, tuna ugonjwa mmoja: mgeni akituamkia, macho yetu yameshafika kwenye kola yake. Polikseni alituzidi sote. Siku moja kanisani, tukiwa kwenye foleni ya mkate wa baraka, alimpulizia mke wa daktari mgongoni, manyoya yakafunguka, akachungulia. "Wameweka ngozi za matumbo, za bei rahisi, badala ya za migongo," akaninong'oneza. "Kaibiwa maskini, na bado anajishaua." Padri alitukata jicho, nami nikajifanya nakohoa.

Nilikaa naye benchi moja kiwandani miaka kumi na tisa, mashine yake na yangu zimepakana. Hatukushona ngozi nzima nzima, hiyo ilikuwa kazi ya wanaume na mishahara yao. Sisi tulishona vipande: miguu, koo, mikia ya minki, yule mnyama wa jamaa ya kicheche, vilivyotupwa na mafundi wa nchi za mbali na kuletwa kwetu kwa magunia. Vingine havikuzidi ukucha wa kidole gumba. Unavipanga rangi kwa rangi, nywele zote zielekee chini, unashona, unalowesha, unavipigilia misumari ubaoni vikauke, na baada ya wiki nzima una kitambaa cha manyoya ambacho hata shetani hawezi kuona maungio yake. Polikseni alikuwa na msemo wake: "Sisi hatuui, Zoitsa. Sisi tunaokota." Aliusema kwa fahari, nami niliupenda, maana ulinisaidia kulala.

Msemo huo ndio alioutumia kumjibu mjukuu wake Rodanthi, na mjukuu hakuukubali. Mtoto huyo alilelewa na Polikseni mpaka akatimiza miaka kumi na miwili, mama yake akiwa kazini Ujerumani. Alijifunza kutembea kwa kushika gunia la vipande. Kisha akaenda Athens kusoma, akaacha nyama, akaacha viatu vya ngozi, mwishowe akaacha kuja nyumbani. Siku ya kumzika babu yake alikuja, akamkuta bibi yake amesimama kaburini ndani ya koti la minki, akamwambia watu wakisikia: "Bibi, umekuja kumzika mmoja umebeba maiti arobaini." Polikseni alimzaba kibao mbele ya jeneza. Tangu hapo miaka mitatu ilipita bila wawili hao kuonana. Polikseni hakulia mbele ya mtu, lakini alianza kupika chakula cha watu wawili na kuniita mimi nikale. Nilinenepa mwaka huo.

Wakati huo kazi ilikuwa imedorora. Viwanda vilifungwa kimoja kimoja, na mafundi wazee tukabaki kurekebisha makoti ya marehemu. Ndipo fasheni ikageuka. Vijana wa mijini wakaanza kutafuta makoti ya zamani, ya bibi zao na ya bibi za wenzao, maana la zamani, walisema, halina damu mpya. Mimi sikuwacheka. Mtu aliyewahi kusimama kando ya ziwa letu mwezi wa kwanza, upepo ukitoka milimani, anajua manyoya ni nini. Ni joto lisilo na uzito. Ukishalivaa unasimama wima hata kama mgongo unauma. Na lile lililokwisha kushonwa, kulitupa lioze si huruma kwa mnyama yeyote.

Shida ni kwamba marehemu hawana makoti yasiyokwisha, na panapo wanunuzi hapakosi mjanja. Mwenye duka mmoja, Argiris, aliyeuza mpaka Athens, alimletea Polikseni nyumbani makoti makuukuu ambayo ngozi yake ilikuwa imekufa, ukiivuta inachanika kama karatasi. Bitana zake tu ndizo zilizokuwa nzima, hariri nzito zilizotariziwa herufi za majina ya wenyewe. Akaleta na makoti mapya.

"Toa hizi bitana, Bi Polikseni, uzitie humu," alisema. "Wateja wa siku hizi wanapenda hariri za kikale."

"Na chini je?"

"Chini ufunge."

Hapo ndipo penyewe. Kwetu bitana ya koti la manyoya haifungwi chini. Pindo huachwa wazi pande zote, ili mnunuzi ainue aone ngozi kwa ndani: nyeupe na laini ni mpya, ya manjano na kavu ni kuukuu. Fundi anayefunga pindo ni sawa na muuza samaki anayekukataza kunusa. Polikseni alimtazama Argiris, Argiris akatazama dari.

"Unashona vizuri sana, mama yangu," akasema, "ila unauliza sana."

Polikseni akashona. Makoti kumi na moja. Nami nilikuwa nimekaa pale pale nikinywa kahawa yake, sikufungua mdomo.

Epifania iliyofuata, mwanzoni mwa Januari, siku tarumbeta za sherehe zinapoanza mitaani na watu wazima wanavaa kama vichaa, mlango uligongwa. Rodanthi huyo, na begi mgongoni, na mwilini koti la minki la kahawia hadi magotini.

Polikseni alishika fremu ya mlango. "Mama wee! Nani kakuloga?"

"Usinicheke, Bibi."

"Sikucheki. Geuka nikuone. Geuka! Zoitsa, njoo uone, twiga kavaa minki."

Wakakumbatiana hapo mlangoni mpaka nyumba ikaingia baridi yote. Mimi nililia waziwazi, sioni haya kusema. Mezani Polikseni alileta kabeji za kuviringisha zenye wali na zabibu kavu, zisizo na nyama hata chembe, na Rodanthi akala huku akijieleza. Alikuwa amelinunua Athens, katika duka la nguo za zamani.

"Ni la miaka ya sabini," alisema. "Tazama, lina herufi za mwenyewe, A.D. Labda Afroditi nani sijui. Hawa wanyama walikufa kabla mama hajaota meno, Bibi. Nikiliacha jaani, watafufuka? Nimefikiri sana. Kumvaa aliyekwisha kufa ni kumheshimu. Na nilipolivaa mara ya kwanza, nilisikia harufu ya benchi lako. Nikajua lazima nije."

"Na kama wangeuawa juzi?" niliuliza, kwa uchokozi tu.

"Ningelitupa ziwani. Na aliyeniuzia nyuma yake."

Polikseni alicheka, akainuka kwenda kulitundika. Nikamwona anapitisha kiganja kwenye mkono wa koti, kisha anapuliza, kisha anashika pindo. Pindo lilikuwa limefungwa. Akalitundika, kisha akaniita jikoni.

"Ni mshono wangu," alisema kwa sauti ndogo. "Hariri ya zambarau, A.D. Mwezi wa tisa."

"Funika kombe mwanaharamu apite," nikamwambia. "Mtoto amerudi. Koti lake si la zamani, sawa, lakini litakuwa la zamani tukimpa muda. Nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe ulijua mwezi wa tisa na ukanyamaza. Nyamaza tena."

Nilisema hivyo, na nilimaanisha. Polikseni alikuwa na miaka sabini na minne, na kitu pekee alichokitaka duniani kilikuwa kimekaa mezani kwake kikila kabeji. Alinawa mikono, akaifuta taratibu kidole kwa kidole, akachukua mkasi mdogo.

Alikaa mkabala na Rodanthi, akalaza koti magotini, akaanza kufumua pindo.

"Bibi, unafanya nini? Umeliharibu!"

"Nyamaza, tazama." Alifumua shibiri tatu, akageuza. Ngozi ndani ilikuwa nyeupe kama unga. "Ngozi ya miaka hamsini haiwi hivi. Hawa wana miaka miwili, wakizidi. Bitana ya marehemu niliishona mimi. Pindo nililifunga mimi."

Nje tarumbeta zilikuwa zinapita chini ya dirisha, na mtu mmoja alikuwa anaimba matusi. Rodanthi aliitazama ile ngozi, hakugusa.

"Ulijua ni la nini?"

"Nusu nilijua. Nusu sikuuliza."

"Wangapi?"

"Makoti kumi na—"

"Wanyama, Bibi. Humu. Wangapi?"

Miaka yote hiyo tulikuwa tunapima kwa gunia na kwa mita. Polikseni akaingiza mkono ndani ya bitana, akaanza kupapasa maungio, ngozi moja baada ya nyingine, akihesabu kwa sauti. Alipofika kumi na tisa alirudi nyuma moja, akaihesabu upya. Akaendelea mpaka mwisho.

"Thelathini na sita," alisema. "Na sikuwaokota."

Rodanthi aliondoka jioni hiyo hiyo na basi la Athens, amevaa sweta mbili na koti langu la mvua. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilimwambia Polikseni kuwa ni mpumbavu, tena mara mbili.

Jumatatu alimbebea Argiris makoti matatu aliyokuwa bado hajamkabidhi, yote amefumua pindo, akayalaza mezani mbele ya wateja yakiwa yamegeuzwa ndani nje. Argiris alimwita mchawi, akamwita kikongwe aliyechanganyikiwa, akaapa kuwa Polikseni hatashika sindano tena mji huu. Kweli hajaishika. Siku hizi anakaa dirishani na miwani yake, mikono haijui pa kwenda, na mimi naenda kumchokoza ili apate kunitukana.

Wiki saba simu haikulia. Jumapili ya nane nilikuwa kwake ilipolia, naye aliitazama kama nyoka, nikambonyezea mimi. Sauti ya Rodanthi ilijaa chumba.

"Bibi, bado sijakusamehe."

"Najua, mwanangu."

Nikadhani amekata, kisha Rodanthi akauliza:

"Umekula?"