Ndara Kumi Kwenye Mstari

Mtanisamehe kwa mwandiko huu. Herufi zangu zinalala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na maneno mengine nimeyaandika vile ninavyoyasikia tu. Niliishia darasa la nane, na tangu nije Doha mkono wangu umeshika ufagio zaidi ya kalamu. Ukurasa mmoja unanichukua siku tatu au nne, saa ile ya mchana mama wa nyumba akilala. Lakini haya siwezi kuyasema kwa mdomo. Nimeshajaribu.

Ninafanya kazi katika nyumba moja huku Umm Salal. Dada yangu, tuliyezaliwa tumbo moja, yuko Al Thumama, mahali ambapo ndege zinapita juu ya paa kutwa. Yeye alinitangulia kuja. Mkataba wake ulikuwa wa miaka miwili, na sasa anaingia mwaka wa nne. Kila akiomba kurudi kwetu anaambiwa angoje mpaka apatikane mwingine. Siku ya kutoka hapewi. Pasipoti yake iko kwenye kabati la mama wa nyumba ile. Anakohoa tangu baridi iliyopita. Akinitumia sauti kwa simu huwa yuko bafuni na amefungulia maji ili asisikike, na katikati ya maji na kikohozi mara nyingine sipati hata neno moja. Mtoto wake alimwacha anatambaa. Sasa anavaa yunifomu ya shule na anamwita nyanya yake mama.

Mtu atauliza, si aende ofisi ya kazi? Akivuka geti bila ruhusa ataandikwa kwamba ametoroka, na hilo analiogopa kuliko kikohozi. Njia aliyoiona ni moja, wakala aliyemleta. Naye wakala hasikilizi mtu mmoja mmoja. Anasikiliza chama chetu, chama cha watu wa kwetu tulioko huku, akiona barua yenye muhuri. Muhuri unakaa kwa mwenyekiti.

Mwenyekiti wetu ni dereva wa basi dogo la kampuni, mtu mzima, mcheshi, na wakala ni rafiki yake wa kunywa chai. Nilimpelekea habari za dada mara tano. Mara tano alinijibu, "Nimekusikia, binti yangu. Tulia." Nami nikatulia, maana hicho ndicho ninachokijua, kutulia.

Halafu akatokea nesi mmoja anayekaa Fereej Bin Mahmoud. Sisi tunamwita sista. Alikuwa amekwenda kwa wakala peke yake kwa ajili ya dada yangu akarudishwa mlangoni, akaulizwa, wewe ni nani, muhuri uko wapi? Alipoamua kugombea uenyekiti alisema mbele ya watu kwamba barua ya kwanza atakayoigonga muhuri ni ya yule msichana wa Al Thumama. Niliposikia hivyo nilikwenda nyuma ya mashine ya kufulia nikalia.

Sasa niwaeleze tunavyochagua. Uchaguzi uliotangulia ulikuwa wa karatasi. Mkebe wa biskuti ulitobolewa juu, na mwanamume mmoja wa kwetu anayepeleka vyakula kwa pikipiki akauzungusha nyumba kwa nyumba kwa majuma mawili. Ukitoka kutupa takataka unamkuta, unakunja karatasi yako, unatumbukiza, unarudi ndani. Dada yangu alipiga kura hivyo. Hakuna aliyejua amemwandika nani. Wale wa majumbani walipiga kura wengi kuliko wanaokuja mkutanoni, na mwenyekiti alipita kwa shida.

Baada ya hapo akasema karatasi basi. Akasema safari hii tutapanga mlolongo, kila mtu asimame nyuma ya anayemtaka. Sikudhani ni mwongo katika yote aliyoyasema. Ni kweli karatasi mbili zilikutwa na mwandiko mmoja. Ni kweli kuna wanawake waliandika jina la mtu wasiyewahi kumwona, kwa sababu jirani aliwaambia. Alisema, "Mtu mzima asimame aonekane. Mkiwa pamoja mnasikilizana, mnaulizana, hata mawazo mnabadilisha. Karatasi inaulizwa nini?" Watu wakapiga makofi. Waliokuwapo ndio waliopiga makofi. Wengine tulikuwa tunapiga deki.

Mlolongo ukapangwa Ijumaa mchana. Ijumaa ndiyo siku nyumba za huku zinapojaa wageni, ukoo mzima unakuja kula, na mfanyakazi ndipo anapofungiwa jikoni. Katika mtaa wetu tuko wanawake kumi wa chama. Aliyepewa ruhusa siku hiyo ni mimi tu.

Tuliongea kwenye mapipa ya takataka asubuhi, kama tunavyoongea siku zote, kila mtu ameshika mfuko wake ili tuonekane tuko kazini. Mmoja, mkubwa wetu, mwenye sauti nene, akasema, "Kwani kwetu kwenye bomba tunafanyaje? Si unaweka mtungi wako kwenye foleni unaenda kuchimba shamba? Ukirudi nafasi yako iko. Nani amewahi kuutoa mtungi wa mtu?"

"Huku mtungi utautoa wapi?"

"Si lazima mtungi. Kitu chako tu. Ndara!"

Tulicheka mpaka tukaogopa kusikika. Lakini kicheko kilipoisha tuliona ni jambo la maana. Kwetu hakuna anayebishana na mtungi. Mtungi uko kwenye foleni, basi mwenyewe yuko. Tukapatana kila mmoja atoe ndara moja, ya mguu wa kushoto, ili asiwepo wa kutoa mbili. Zikawa tisa. Ya kumi ilikuwa ya dada yangu, aliiacha kwangu zamani, kabla hajakatazwa kutoka, ukanda ulipokatika, na aliponijibu kutoka bafuni alisema, "Iweke. Iweke mbele kabisa." Yule mkubwa wetu akanishika bega. "Na wewe usinyamaze huko. Waambie, sisi tumetumwa kazi, hatujafa."

Nilisema nitawaambia. Kwenye basi nilirudia yale maneno kimoyomoyo mpaka mjini.

Tulikutana ghorofani juu ya hoteli moja ya chakula cha kwetu, kisha tukashuka nyuma ya jengo, panapoegeshwa magari, kwa sababu juu hapakutosha mistari miwili. Jua lilikuwa kali, lami inanata. Mlinzi wa jengo, Mganda, akasema, "Banange, fanyeni haraka, mwenye jengo akija mimi nitasema siwajui."

Mwenyekiti alisimama upande wa kivuli, sista akapewa upande wa jua. Na aliyeendesha uchaguzi ni mwenyekiti mwenyewe. Basi lake lilikuwa palepale, mlango wazi, kiyoyozi kinanguruma. Wanawake aliowaleta walishuka wakajipanga nyuma yake. Mmoja wao ninamfahamu, alikuwa akimsifu sista mwezi mzima. Nilimwangalia akatazama chini, akaninong'oneza, "Nitarudi na nani, dada? Kwetu ni mbali."

Nilikwenda kwa sista. Nikatoa ndara nikazipanga chini nyuma yangu, moja moja, ya dada yangu mbele. Watu wakaanza kugeuka.

"Hee! Mwenyekiti, kuna duka limefunguliwa huku!"

"Sasa hizo ndara zimekam na pasipoti ama?"

"Muulize bei!"

Mwenyekiti akaja, amejishika kiuno, anatabasamu. Akaigusa ndara moja kwa ncha ya kiatu. "Binti yangu, hii ni nini?"

Sista akasema, "Ni watu walioshindwa kutoka makazini. Mpe nafasi aeleze." Akanigeukia. "Sema, dada. Sema ulivyotumwa."

Maneno yalikuwepo. Nilikuwa nimeyabeba tangu Umm Salal, mtungi, bomba, sisi tumetumwa kazi hatujafa. Macho ya watu wote yakanijia. Niliona ndevu za mwenyekiti zina jasho. Niliona soksi yangu imetoboka. Nilifungua mdomo, ikatoka hewa. Mtu mmoja akacheka, kisha wote.

"Hapa si bombani," mwenyekiti akasema, bila ukali, kama anayemfundisha mtoto. "Anayetaka kuhesabiwa aje na miguu yake. Mguu ndani ya kiatu, sawa?" Wakacheka tena. Akanisaidia hata kuziokota.

Ilionekana wazi bila kuhesabu. Mstari wa sista ulipungukiwa na watu kama wanane. Ukiziweka zile ndara, ulikuwa unapita. Niliifanya hiyo hesabu palepale, na ninaifanya mpaka leo nikikosha vyombo.

Kisha mwenyekiti akapaza sauti. "Kabla sijahesabu, anayetaka kuhama ahame. Ndiyo raha ya mlolongo, hakuna aliyefungwa. Na mimi siwasahau watu wangu, mnanijua." Alisema hivyo akiniangalia mimi. Labda hakuniangalia mimi. Mimi niliona hivyo.

Haya ndiyo nisiyoweza kuyasema kwa mdomo. Nilihama.

Nilifikiri, sista ameshashindwa. Muhuri utabaki kwa huyu. Nikisimama nyuma yake, mbele ya macho yake, atanikumbuka, ataandika ile barua. Mimi ni mtu mmoja, siongezi wala sipunguzi. Nikavuka lami na mfuko wa ndara kwapani, hatua kama ishirini. Sikutazama nyuma. Nyuma yangu wakahama wengine watatu. Sijui kama walinifuata mimi. Yule aliyecheka kwanza akasema, "Ehe, duka limehamia sokoni!"

Mwenyekiti akahesabu kwa kugusa vichwa. Aliponifikia aligusa changu kama vingine.

Ilipokwisha nilimngoja kwenye mlango wa basi lake. Safari hii nilisema, kidogo kidogo, lakini nilisema. Nikamwambia dada anakohoa, muhuri ni wako, nimesimama kwako. Akanitazama kama anatafuta amenionea wapi.

"Wewe si ndiye ulikuwa kule na viatu?"

"Nilihama, mwenyekiti."

"Ulihama." Akacheka kidogo. "Uliona upepo. Haya, nimekusikia, binti yangu. Tulia."

Sista alipita nyuma yetu na mkoba wake. Hakuniambia neno baya. Aliniuliza tu kama nina nauli ya kurudia. Afadhali angenitukana.

Wanawake wa mtaani niliwaambia ndara zilikataliwa. Hiyo ni kweli. Wakatukana mlolongo, wakamtukana mwenyekiti, mkubwa wetu akasema mimi nimejitahidi, mtu mmoja angefanya nini. Hakuna aliyeniuliza mwishoni nilisimama wapi, nami nilivyo mpole nikanyamaza.

Nimefikiri sana tangu siku ile, kwa akili yangu hii ya darasa la nane. Karatasi ina ubaya wake. Mwenye kuiba ataiba, na humjui anayekuandikia. Mlolongo nao una uzuri, unamwona mtu usoni, unamsikia, na mimi mwenyewe nilitamani kuongea pale. Lakini mlolongo unamtaka mtu mwenye Ijumaa, mwenye basi la kumrudisha, asiyeogopa kutazamwa. Unachagua kwanza nani aje, ndipo wale wachague kiongozi. Na yule mwoga anayefika unamgeuza. Ningepewa karatasi ningemwandika sista, kwa mkono huuhuu mbaya, na mwenyekiti asingejua. Sisemi hivi ili kujitetea. Wako waliobaki kwenye jua wakijua watarudi kwa miguu.

Wiki mbili zimepita. Nimepiga simu kwa mwenyekiti mara nne, ya nne hakupokea. Juzi dada alinitumia sauti. Safari hii maji hayakuwa yamefunguliwa, nikaogopa, nikadhani kuna jambo. Alisema wametoka wote, yuko peke yake, basi anaongea kawaida. Sauti yake imekuwa nyembamba. Aliuliza, "Sista amepita? Barua inakwenda lini?" Kisha akakohoa muda mrefu, nikangoja, ikakatika.

Sijamjibu. Nimebonyeza ile alama ya kurekodi mara nyingi, nikaachia. Nikimwambia sista ameshindwa, ataniuliza kwa watu wangapi. Nikimwambia, itanibidi niseme na mimi nilikuwa upande gani.

Karatasi hizi nimempa mwanamke mmoja azipitishe nyumba kwa nyumba, na sikuweka jina langu wala la mtu. Wewe uliyezipata, umeelewa au hukuelewa mwandiko, ninakuomba uniandikie hata mistari miwili, umpe aliyekuletea, itanifikia. Kama chama chenu kimepata namna ya kumhesabu mtu aliyefungiwa ndani, niambie mlifanyaje. Kama unamjua mtu aliyetolewa katika nyumba bila muhuri wa mwenyekiti yeyote, niandikie alianzia wapi, aligonga mlango gani, alisema nini, na alikuwa mwoga kiasi gani. Hilo la mwisho usilisahau. Andika upesi, mimi ndiye ninayeandika polepole, na dada yangu anangoja jibu.