Kodiani ya Guka na Soksi za Cucu

Nianze kwa kukubali, maana hata nikikataa, video mnayo kwenye simu zenu: ndiyo, mimi ndiye yule msichana ambaye kodiani ilimpasukia kifuani ikamwaga soksi mbele ya kamera, walimu, wazee wa kijiji na baba yake mzazi. Nimeona aibu, nimelia, nimemaliza. Sasa acheni nieleze mwenyewe, kwa sababu mnavyoisimulia huko Majengo mmetia chumvi nyingi mno (ati kulikuwa na nguo za ndani, jamani, hakukuwa na nguo za ndani, zilikuwa soksi tu, sita, na zilikuwa safi).

Mnajua nasoma shule ya sanaa hapa Nyeri, na mnajua baba hakupenda. Baba hununua mbuzi Doldol na kuwauza huku chini, na kwake kazi ni kitu unachoweza kukishika pembe. Tulibishana likizo nzima, mpaka akasema sawa, muhula mmoja, na nisipomwonyesha cha maana ananihamishia shule ya sayansi kule Kenol ambako binamu yangu anasoma na hana hata dakika ya kuimba bafuni. Muhula mmoja! Kwa hiyo mwalimu Githaiga alipotangaza kwamba tutatengeneza filamu ya muziki, hadithi ya vijana wa shule kama yetu, mimi nikaona mlango wangu ndio huo.

Nikapewa nafasi gani? Mwanafunzi wa tatu dirishani. Sina neno hata moja, nasimama dirishani, natazama nje, basi. Nilikuwa bado nameza hiyo hasira mwalimu alipouliza nani anajua kupiga kodiani, kile kinanda cha kuvuta, kwa sababu kwenye filamu kuna mahali wazazi wanakuja kufunga shule na msichana mmoja anawapigia mwomboko, ngoma ya wazee wetu Wakikuyu ya kucheza wawili wawili, mpaka wanasahau walichokuja kufanya na kuanza kucheza. Mkono wangu ukapanda wenyewe.

"Mimi, mwalimu. Guka alinifunza."

Guka, baba yake baba, Mungu amrehemu, alikuwa mpigaji kweli, hakuna harusi aliyokosa. Lakini kunifunza? Hakuwahi kuniruhusu kuigusa hiyo kodiani, alinipa tu karing'aring'a, ile pete ya chuma inayogongwa kwa kijiti kushika mwendo, na hiyo niligonga kando yake tangu nina miaka saba. Yeye alikuwa anapiga muziki, mimi nilikuwa kelele ya pembeni. Nikasema moyoni, mimi nimekaa karibu na kodiani miaka yote hiyo, itashindikanaje?

Ilishindikana. Nilimwomba Cucu, bibi yangu, anipe kodiani ya guka, akanipa machozi yakimlengalenga (hapo ndipo ningesema ukweli, najua, msinikumbushe), na ikalia kama mbuzi wa baba aliyebanwa na mlango. Bahati, mwalimu akasema sauti ya kodiani itatoka kwa spika, mimi nivute tu kama napiga, ila niimbe kwa sauti yangu mwenyewe. Kumbe kodiani haikubali kuvutwa bure. Usipobonyeza vitufe haifunguki, ukibonyeza inalia mbeee na kuharibu wimbo. Basi usiku nikaifungua kwa koleo la guka, nikashindilia ndani soksi za Cucu za sufu, nikaifunga. Nikaijaribu. Kimya! Nililala nikijiona nina akili kuliko shule nzima.

Siku ya kupiga picha mwalimu alikuwa amealika wazee wa kweli, mabibi na mabwana wa mwomboko kutoka kijijini kwetu, Cucu akiwa mbele na kitambaa kipya kichwani. Baba naye alikuja, akaegemea ua mikono imekunjwa. Spika ikawashwa, nikaanza kuimba na kuvuta, kuvuta na kuimba, natabasamu.

Kitu ambacho sikukijua, na ambacho mwalimu Githaiga, mtu wa Nairobi, hakukijua pia, ni kwamba wachezaji wengi wa zamani wa mwomboko hawafuati masikio. Wanafuata mabega ya mpigaji. Hatua mbili, wanakuangalia, ukifunga kodiani wanabonyea na kugeuka. Na mimi nilikuwa nafungua na kufunga ninavyojisikia! Wenye masikio mazuri wakafuata spika, wengine wote wakanifuata mimi, na baada ya dakika moja mwanamume mmoja amegeuka na mke wa jirani, wawili wamegongana vichwa, na mama mmoja ameketi chini nyasini akishikilia kidole cha mguu na kuniangalia vibaya.

"Simamisha!" mwalimu akapiga kelele.

Mzee Kariuki, aliyekuwa rafiki wa guka, akaja hadi mbele yangu akaigusa kodiani taratibu. "Hii kinanda ni ya Mwangi," akasema, akimtaja guka kwa jina. "Zimeni hiyo spika. Wewe msichana, piga. Tunataka kusikia mkono ya Mwangi."

Sasa ungefanya nini? Mtu mwenye busara angekiri. Mimi nikavuta. Ikatoa pumzi kidogo, kama mtu mwenye mafua. Nikavuta kwa nguvu zaidi, nikasikia prrrr, ngozi ya miaka mingi ikapasuka katikati, na soksi ya kwanza ikaanguka kwenye kiatu cha Mzee Kariuki. Halafu ya pili. Halafu zote.

Nani alikuwa wa kwanza kusema? Bibi yangu mwenyewe.

"Nyambura! Ati hizo si soksi zangu za kanisa?"

Walicheka mpaka mwenye kamera akaketi chini. Na baba akatoka pale uani, hakucheka hata kidogo. "Chukua sanduku yako," akasema. "Kesho tunaenda Kenol."

Hapo ndipo aibu ilinigeukia ikawa hasira. Nikamwambia, mbele ya wote, "Baba, nilidanganya juu ya kodiani. Sikudanganya juu ya kutaka kukaa hapa." Karing'aring'a ilikuwa kwenye meza ya vifaa. Nikaichukua, machozi na makamasi usoni, nikagonga ule mwendo wa guka, na kugonga, na kugonga, bila muziki wowote juu yake, kama mwendawazimu. Wengi waliendelea kucheka, sitawadanganya. Lakini Mzee Kariuki akaanza kuimba kwa pua, akamshika Cucu mkono, na wawili hao wakacheza wakikanyaga soksi.

Walipomaliza kucheza baba akasema, "Niliahidi muhula. Haujaisha." Akaenda zake. Hakunikumbatia, hii si filamu.

Siku hizi kila Jumamosi asubuhi niko kwa Mzee Kariuki. Kodiani tuliiziba kwa kiraka cha baiskeli, inavuja kidogo, na najua nyimbo mbili (moja na nusu, kama Mzee anasikiliza). Cucu nilimnunulia soksi mpya. Shuleni wananiita Soksi, hata mpishi, na mimi naitika. Naapa sitainua tena mkono kwa chombo ambacho sijawahi kukishika. Lakini wanaosubiri kuniona nimepanda gari la Kenol watasubiri sana, kwa sababu muhula unafungwa kwa onyesho, baba amesema atakuja, na wakati huu nitapiga mimi mwenyewe, kwa makosa yangu yote, na ndani ya ile kodiani hakutakuwa na kitu kingine ila hewa.