Mng'ongo Mjane

Mama Pasi alikuwa dobi, na kama madobi wengine wazuri aliigawa dunia mafungu mawili tu: vitu vinavyochafua nguo na vitu visivyochafua. Watu aliwaweka fungu la kwanza. Hakuwa na kinyongo nao, maana bila wao asingekula.

Uani kwake palikuwa na makaro mawili ya saruji ya kufulia, jiko la makaa la kupashia pasi, meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, na kamba za kuanikia zilizofungwa upande mmoja ukutani na upande wa pili kwenye shina la mng'ongo. Gome la mti ule lilikuwa la kijivu, likibanduka magamba ya mviringo na kuacha mabaka ya rangi ya mchanga, hata ungedhani mtu alianza kuupaka rangi akaishiwa katikati ya kazi.

Aliishi na mama mkwe wake. Walikuwa wamefiwa na mtu mmoja, huyu mume na yule mwana, na tangu hapo wakabaki pamoja bila ya yeyote kumwambia mwenzake abaki. Mama mkwe alikuwa na mdomo mkali na meno machache, na aliuzungumzia mng'ongo kama watu wanavyomzungumzia ndugu aliyewahi kushika cheo.

"Enzi zake," alikuwa akisema, "ulikuwa hutembei uani hapa bila kukanyaga tunda."

Hakutia chumvi. Matunda ya mng'ongo huanguka yangali ya kijani, yakaiva chini na kuwa ya manjano, kama kwamba hayawezi kukamilisha kazi mpaka yalale kwanza. Unatoboa ganda, unaminya, unafyonza nyama nyeupe iliyong'ang'ania kokwa, tamu yenye ukali unaofumba jicho moja. Mengine mama mkwe aliyakamua akapata kinywaji. Kokwa alizianika, akazivunja kwa jiwe na kuchokonoa kiini chake chenye mafuta, kazi inayomfaa mtu asiye na haraka ya kushiba. Majani machanga alitafuna akipata kiungulia. Gome alilichemsha kwa ajili ya tumbo la kuendesha. Muuguzi wa zahanati alikuwa amemweleza mara nyingi kwamba dawa ya tumbo hilo ni maji safi yaliyochemshwa, yakatiwa sukari na chumvi. Mama mkwe alikubaliana naye kabisa, akaongeza na gome.

Lakini hayo yote yalikuwa ya zamani. Mti ulikuwa umeacha kuzaa. Kila mwaka kabla ya mvua ulichanua, na kila mwaka maua yalipukutika yakaenda zake. Majirani, ambao hawajawahi kukosa jibu, walisema ni uzee, ni maji ya sabuni, ni kijicho. Kijicho cha nani, kila mmoja alimtaja mwingine.

Aliyekuwa na neno la mwisho alikuwa shemeji, mdogo wa marehemu. Nusu ya kiwanja ilikuwa yake, na yeye alikuwa fundi mwashi, mtu ambaye kila akiona uwazi huona chumba kilichochelewa.

"Shemeji," alimwambia Mama Pasi, "mti usiozaa ni nguzo, na nguzo nitaleta mwenyewe. Hapa panatoka vyumba vya kupangisha, safi kabisa."

"Na nguo nianike wapi?"

"Hata ndani zinakauka."

"Zinakauka. Zinanuka panya, lakini zinakauka."

Shemeji hakuwa mtu mbaya. Aliona haya, akampa muda. "Haya. Mvua zijazo zikikatika nikute hata tunda moja, sisemi kitu. Nisipolikuta, naja na msumeno. Tusije tukalaumiana."

Akaondoka akiupima ua kwa macho. Mama Pasi akabaki ameshika shati la mtu. Bila ua, dobi ni mwanamke mwenye ndoo tu, na wanawake wenye ndoo mtaani hawakuwa haba.

Wiki ile ile akaja Bwana Miche. Huyu aliuza miche ya miti kandokando ya barabara, na suruali zake zote zilikuwa na udongo magotini, hata Mama Pasi alimheshimu kama adui wa siku nyingi. Alipokuwa akingoja suruali ipigwe pasi akainua macho. Mti ulikuwa ndiyo kwanza unachanua, majani yakichungulia nyuma ya maua. Akavuta tawi, akalikagua kwa muda ambao kwa kawaida watu huutumia kukagua chenji.

"Huu ni mng'ongo," akasema.

"Hilo hata mbuzi wanalijua," akajibu mama mkwe kutoka mlangoni.

"Tena jike. Ona, maua yako machache machache huku nchani, na kila moja lina kitumba cha kijani katikati. Hicho ndicho huwa tunda."

"Mbona hakiwi?"

"Mama, peke yake atazaa vipi? Dume liko wapi?"

Hapo Mama Pasi alikuwa amebeba beseni la maji machafu. Akafanya alivyofanya kila siku: akaenda pembeni akayamwaga juu ya kisiki.

"Na hicho?" Bwana Miche akauliza.

"Kisiki tu. Palikuwa na mti wa hasara pale."

Akamweleza. Mti ule ulikuwa hauzai hata kwa bahati mbaya. Kazi yake ilikuwa kumwaga maua kila mwaka, mishipi mirefu ya rangi nyekundu nyekundu, mazima mazima juu ya mashuka meupe ya nyumba ya wageni. Doa lake lilikuwa rangi ya kutu, ukilitia dawa ya kung'arishia linazidi kukolea. Mwaka mmoja mwenye nyumba ya wageni aliyakunjua mashuka yake, akauliza kwa upole kama kuna mtu ameumizwa. Kesho yake mume wa Mama Pasi akaukata. Tangu hapo kisiki kilijaribu kuchipua mara kwa mara, na kila mara kilipata maji ya moto yenye sabuni.

Bwana Miche alikuwa ameshapiga magoti, suruali safi au si safi. Ubavuni mwa kisiki, upande usiofikiwa na beseni, palikuwa na chipukizi. Akachuma jani moja, akachuma na la mti mkubwa, akayalaza kwenye kiganja. Yote mawili yalikuwa na vijani viwili viwili vilivyotazamana, na kimoja mwishoni kisicho na mwenzi. La chipukizi lilikuwa na meno ya msumeno ukingoni. "Utoto huo," akasema. "Yakikua yanaacha." Akayafikicha, akawanusisha. Harufu ilikuwa moja.

"Mama Pasi," akasema taratibu, "huyu ndiye baba watoto."

Mama mkwe akajishika kichwa. "Yallah! Mwanangu, mmemfanya mti wangu mjane, na kila asubuhi unammwagia mumewe sabuni kaburini!"

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Ningejuaje? Nilidhani ni mti wa namna nyingine." Kisha akaongeza, maana alikuwa mwanamke mkweli pale inapobidi: "Tena nakumbuka mimi ndiye niliyesema ukatwe. Ulikuwa unaniziba jua."

Chipukizi lingechukua miaka kufikia kuchanua. Miche Bwana Miche alikuwa nayo, lakini kwenye mche huwezi kutofautisha dume na jike. "Wenyewe hawasemi mpaka wachanue." Kilichotakiwa kilikuwa maua ya dume, na yalitakiwa sasa, kabla yale ya jike hayajapukutika. Lakini palipo na mng'ongo dume mjini pale, hakupajua.

Mama Pasi alitafuta. Aliuliza wateja, alichungulia nyua za watu mpaka akafukuzwa na mbwa. Maua ya mti wake yakaanza kulegea. Siku hiyo akarudi kwenye karo lake, kwa kuwa nguo za watu hazijui msiba, akakunjua shati jeupe la dereva wa gari la maiti.

Mabegani palikuwa na madoa. Rangi ya kutu. Mama Pasi akalinusa, akalitia tone la dawa pembeni. Doa likakolea. Katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kufurahia doa. Akawa kama mtu aliyekutana na mwizi wake wa zamani na kutamani kumkumbatia.

Dereva alipokuja, akamshika mkono. "Hili doa umelitoa wapi?"

"Samahani, mama. Najua linasumbua—"

"Nimekuuliza wapi!"

"Nyuma ya mochwari. Kuna mti naegesha kivulini. Unamwaga takataka nyekundu balaa. Nimewaomba waukate, wanasema hakuna mteja aliyelalamika."

Kesho yake kabla jua halijawa kali, gari la maiti likasimama mbele ya nyumba ya Mama Pasi.

Mtaa haukuhitaji maelezo. Wanawake wakatoka wakifunga vichwa, wanaume wakavua kofia. Kundi likaingia, likamkuta mama mkwe ameketi mlangoni na kikombe cha chai.

"Nani amekufa?" akauliza kwa hofu.

Wakatazamana. "Sisi tulidhani ni wewe, bibi."

"Bado nakunywa chai."

Dereva akafungua mlango wa nyuma, kwa heshima ileile ya kazini. Mle ndani, pale anapolazwa marehemu, yalilala matawi ya mng'ongo dume, yamefunikwa mishipi ya maua, na nyuki wawili watatu waliokuwa wamepata usafiri wa bure.

Mama Pasi alikuwa ameziondoa nguo zote. Siku ilikuwa ya jua na upepo, na kamba zake zilikuwa tupu. Jirani mmoja alisema hapo ndipo alipoamini kwamba kuna jambo. Mama Pasi akaingiza vikonyo vya matawi kwenye makopo ya maji, akayaning'iniza katikati ya matawi ya jike. Yaliyobaki akayabana kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, sambamba, kama soksi. Mama mkwe akatazama akatikisa kichwa.

"Posa hii," akasema, "haijawahi kutokea."

Nyuki wakaja. Halafu maua yote yakakauka, mvua ikaanza, majani yakajaa, na Mama Pasi akawa anainua shingo kila asubuhi asione chochote ila kijani juu ya kijani. Akaacha kuinua shingo. Akaanza kupima chumba cha ndani kama kamba zingeenea.

Mvua zilipokatika, shemeji akaja na ngazi na msumeno. Aliamkia, akauliza afya, akauliza kuhusu tunda. Mama Pasi akamwonyesha mti kwa kidevu. Akaegemeza ngazi ili aanze na matawi ya juu kama inavyotakiwa, akapanda, akapotelea majanini. Mama Pasi akaingia ndani asisikie msumeno.

Hakuusikia.

"We!" mama mkwe akapaza sauti. "Umelala huko juu?"

Kisha sauti ya shemeji ikashuka, ndogo kuliko mwili wake. "Mama. Bado ni mabichi."

"Nini?"

"Yako hapa. Yamejificha nyuma ya majani. Ni mengi, mama, lakini bado mabichi."

Alishuka bila msumeno; aliusahau juu. Mama mkwe akacheka mpaka akahitaji kushikwa, kisha akawakumbusha wote jinsi shemeji alivyokuwa akila matunda yale utotoni mpaka usiku akachemshiwa gome la mti huohuo. Shemeji akasema mambo mengine si lazima yasimuliwe mbele ya watu.

Siku iliyofuata akarudi kuchukua msumeno wake. Akakuta Mama Pasi amesimama na beseni, hajui pa kumwaga. Shemeji akaenda kutafuta bomba la plastiki, akalikata, akalichimbia mfereji wake, na maji ya sabuni yakaelekezwa mbali na kisiki. Chipukizi akalizungushia matofali. Hakusema kitu kuhusu vyumba, ila alisema, akilitazama chipukizi, kwamba kwa hesabu yake kamba zihamishiwe upande wa pili, kabla huyu hajakua akaanza tena fujo zake.

Mama Pasi akasema zitabaki palepale. Doa lile, akasema, anajua malimau yanaliweza, ukilianika juani likiwa bichi. Zamani hakuwa na sababu ya kujaribu tu.