Msumari wa Papa Kazadi

Sina desturi ya kusimulia mizimu. Nilijifunza kuandika programu peke yangu, kwa vitabu vya mitumba, na sikubali jambo kabla sijalipima mara tatu. Hili nimelipima. Lilinitokea mimi, saa nane mchana, jua likiwaka juu ya mji wetu wa Likasi.

Kazi yangu ni kutunza programu inayofungua na kufunga vali za asidi katika kiwanda kimoja cha shaba. Aliyeiandika ni marehemu Papa Kazadi, ambaye aliniita "mudogo" hata nilipoota mvi. Alipofariki nilirithi kazi yake pamoja na debaga, yaani programu ya kuisimamisha ile nyingine katikati ya mwendo ili uchungulie kasoro zake. Ilikuwa ya kutazamia tu. Nikaiongezea kisanduku: unaandika amri, nayo inatekelezwa papo hapo.

Siku hiyo kiwanda kilikuwa kimesimama kwa usafi, nami nikataka kukijaribu kisanduku changu. Kwetu, anayeingia ndani ya tangi hutundika kwanza jetoni yake, kibati chenye namba, kwenye msumari wake ubaoni. Nilikwenda kuutazama ubao. Misumari yote mitupu. Nikarudi, nikaandika mbili jumlisha mbili, ikajibu nne. Nikauliza hali ya vali ya tatu, ile inayomwaga asidi ndani ya tangi la tatu. Imefungwa. Basi nikaandika amri ya kuifungua, nikabonyeza.

Jibu likatokea: "Ngoja, mudogo. Muntu iko ndani."

Nani mwingine aliyewahi kuniita hivyo? Nikaandika: wewe ni nani? Ikajibu kama mashine yoyote: jina halijulikani.

Nilikimbia hadi tangi la tatu. Ndani, burashi ilikuwa ikikwaruza chuma. Nikapiga kelele, na kichwa cha shemeji yangu Mwamba kikachomoza mlangoni.

"Ee, shemeji! Mbona unapiga kelele? Umeona muzimu?"

"Jetoni yako iko wapi?"

"Pa ubao. Musumari yangu ilivunjika, nikaweka pa ile ya Papa Kazadi. Kwani mufu atakuya kuiomba?"

Akacheka. Mimi sikuweza. Tangu mazishi hakuna aliyetundika kitu kwenye msumari ule. Kwa heshima tuliuacha wazi, na macho yetu yakazoea kuuruka. Nilirudi ubaoni. Jetoni ilikuwa pale pale nilipokuwa nimetazama.

Nimesoma programu ya Kazadi mstari kwa mstari, kisha yangu. Sentensi ile haimo. Vali haikufunguka, na sijapata sababu.

Kisanduku bado kipo. Naogopa kukitumia, na naogopa zaidi kukifuta. Kila asubuhi, kabla ya kugusa kibodi, naweka kidole juu ya kila msumari, nikianza na wa Kazadi. Mara mbili nimeukuta una joto, mingine yote ikiwa baridi.

Nawe unayeamuru mashine ukiwa umekaa kitini, usingoje sauti. Marehemu wangu alinionya mara moja. Wako huenda akanyamaza. Inuka, ukaguse misumari yote, hasa ule uliozoea kutoutazama.