Nane, Tisa, Tatu

Tamekichi, muuza tofu wa Osaka, hakuwahi kutoka nje na shati la mikono mifupi, hata jua liwake vipi. Mwili wake ulikuwa na tatuu ya joka kuanzia mabegani hadi mapajani, kumbukumbu ya miaka aliyogawa karata kwenye nyumba ya kamari ya genge. Aliliacha genge binti yake Wakana alipoanza shule, lakini nani aamini? Hata kupangishwa chumba ilikuwa shughuli.

Sasa Wakana ameposwa, na mwaka mpya ule wakwe wakawaalika. Njia nzima roho ya Tamekichi ilikuwa juu juu. Wakijua, posa imekufa.

Baada ya chakula baba wa mchumba, mzee Moritsugu, akatoa karata. Wangechezea maharage tu.

"Rahisi, mkwe," akasema. "Unajumlisha karata mbili, au tatu ukitaka, unatafuta tisa. Makumi yanatupwa, kinachobaki ndicho chako."

"Mimi na karata wapi na wapi," akajibu Tamekichi.

Akapata nane na tisa. Kumi na saba, yaani saba. Hata mlevi angetulia hapo, na ndiyo maana Tamekichi akaomba ya tatu, aonekane mshamba. Ikaja tatu. Ishirini. Sifuri.

Moritsugu alicheka mpaka machozi. "Ya, ku, za! Nane, tisa, tatu. Jina la wale majambazi, yakuza, lilitoka hapa, mnajua? Wacheza kamari waliziita hivyo karata zisizofaa kitu, mwisho wakaitwa wao wenyewe. Takataka. Wajumlishe, hupati kitu."

"Kweli kabisa, mzee," akasema Tamekichi, akacheka nao. Kicheko gani kile, jamani. Wakana peke yake hakucheka.

Zamu ya kugawa ikamfikia Wakana. Tamekichi akaingiwa na hofu. Alimfundisha mwenyewe kugawa utotoni, siku za mvua, maana hakuwa na mchezo mwingine wa kumpa. Akamkanyaga chini ya meza, agawe ovyo. Wakana akauondoa mguu wake.

Karata zikamtoka mkononi bila sauti, zikatua zimenyooka mbele ya kila mtu, naye hakuziangalia hata moja.

"Nani kakufundisha hivyo?" akauliza Moritsugu. Hakuwa anacheka tena.

"Baba. Takataka uliyoisema, mzee, ndiyo iliyonilea."

Hakuna aliyezigusa karata zake, hata mchumba.

"Twende nyumbani, mwanangu," akasema Tamekichi, machozi yakimtoka. Miaka yote aliomba mwanawe asimwonee aibu. Hakujua ombi hilo lingejibiwa kwa gharama ya posa.